Mwalimu Aliyeosha Mito

Mwalimu hakuwahi kuinua mto uliolowa kwa pembe yake. Aliuingizia mikono yote miwili kwa chini, akaukusanya kifuani, kisha akanyanyuka nao polepole huku maji yakimtiririka kutoka kiunoni hadi miguuni, na wala hakujali. Mto wa manyoya ukilowa huwa mzito ajabu. Ukiuvuta kwa pembe moja, manyoya yote hukimbilia upande mmoja, mshono unaachia, na kazi ya asubuhi nzima inatapakaa uani. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo, nikiwa kwenye dirisha la jikoni kwangu, nilidhani kuna kitu chenye uhai amekiokoa kutoka kwenye beseni.

Tulikuwa majirani hapa Suna kwa miaka mingi. Mwanamke huyu alikuwa amefundisha sayansi kimu katika shule za wasichana upande wa Mbita, akastaafu, akajenga nyumba ndogo nyuma ya ploti ninayopanga. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata watu ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake, nami nikiwa mmoja wao. Yeye Mjaluo, mimi Mkuria, kwa hiyo tulikutania katika Kiswahili. Chake kilikuwa kimepigwa pasi. Changu kilikuwa cha sokoni. Alinirekebisha ngeli hata nikiwa nammiminia chai, kisha akaniita nyathina, yaani mwanangu, ili nisikasirike.

Tulifahamiana kwa sababu ya mshono. Mimi ni fundi wa cherehani, na siku moja alikuja kibandani kwangu na kitambaa kizito cha pamba, akataka nimshonee mfuko wa mto. Nilimshonea haraka kama nilivyowashonea wengine. Aliuchukua, akaugeuza ndani nje, akaweka mdomo wake kwenye mshono na kupuliza. Kisha akashika kiganja changu na kukiweka upande wa pili ili nisikie pumzi yake ikipita. Aliniambia kwa upole kwamba mahali pumzi inapopita, unyoya wa bata utapita pia, na mwenye mto ataamka ana manyoya puani. Niliufumua nikaushona upya, mshono juu ya mshono. Alipuliza tena, safari hii sikusikia kitu, na kuanzia siku hiyo sikuwahi kumshonea mtu mwingine bila kupuliza.

Manyoya aliyapata kwa bata. Alifuga wake mwenyewe, na watu waliochinja bata siku za sherehe walijua kwamba manyoya ya kifuani, yale laini kama moshi, ni ya Mwalimu. Aliyaosha, akayakausha, akayatia kwenye mifuko. Huko Mbita alikuwa amewafundisha wasichana wengi kazi hiyo, na alipohamia Suna aliendelea nayo, ingawa hapakuwa tena na darasa. Bibi harusi wa mtaani petu hakuolewa bila mito yake. Mgonjwa aliyelala muda mrefu aliletewa mmoja. Lakini kutengeneza mto, alivyosema, ni kazi ya siku moja. Kuutunza ndiyo kazi. Kwa hiyo mito yote ilirudi kwake kuoshwa, na uani kwake hapakukosa mto hata wiki moja ya kiangazi.

Nilimtazama akifanya kazi hiyo miaka yote na sikuchoka kutazama. Kwanza alivua foronya na kukagua mishono yote kwa vidole. Palipolegea aliparudisha kwa sindano kabla maji hayajaguswa. Maji yalikuwa vuguvugu, sabuni kidogo sana, chini ya ile ambayo mimi ningetia kwenye shati moja. Aliuzamisha mto kwa viganja na kuubonyeza, akauachia, akaubonyeza tena, na viputo vya hewa vikapanda juu kama vile kuna mtu anapumua huko chini. Hakuwahi kukamua. Alisuuza hadi maji yakawa meupe na hayana utelezi, kisha akasuuza tena. Mwisho aliukandamiza kati ya taulo mbili, akaupeleka kwenye kichanja.

Kichanja hicho kilikuwa fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa kuvulia. Aliununua wavu ukiwa mpya kabisa, haujawahi kugusa samaki, kwa sababu manyoya yaliyolowa hunusa na kukumbuka. Yenyewe yakiwa mabichi yananuka kama bata aliyenyeshewa, na majirani wapya walilalamika. Aliwasubiri mpaka mto ukauke, akawaita waje wanuse.

Na kukausha ndiko kulikonishangaza zaidi, maana Mwalimu hakuwa mtu wa subira. Aliifokea redio. Aliunguza ulimi kila mara kwa chai aliyoshindwa kuisubiri ipoe. Fundi wa bomba akichelewa, alitoka kumtafuta barabarani. Lakini mto aliusubiri siku baada ya siku bila kunung'unika. Aliuweka mahali penye upepo na jua la wastani, akaugeuza asubuhi, mchana na jioni. Kila alipougeuza aliketi nao mapajani na kuyatafuta madonge kwa ncha za vidole, akiyavunja moja moja hadi manyoya yakaachana. Wingu likitokea upande wa ziwa, mto ulikuwa ndani kabla tone halijaanguka.

Mimi niligusa mto na kusema umekauka. Yeye aliushika katikati kati ya viganja viwili, akafumba macho, akasikiliza ubaridi. Kisha aliuzamisha uso wake ndani na kuvuta pumzi. Mara nyingi alisema bado, na hata aliporidhika aliuacha siku moja zaidi. Aliniambia kwamba unyevu hujificha moyoni mwa mto, na mtu akiulalia hivyo hivyo, ukungu unaanzia hapo, mahali asipopaona.

Siku ya mwisho ndiyo niliyoipenda. Kile kitu kilichokuwa kimesinyaa kama mkate uliolowa kilikuwa kimepanda, kimejaa, chepesi. Aliubonyeza kwa ngumi, akautazama ukiinuka wenyewe taratibu hadi alama ya ngumi ikapotea. Hapo alitabasamu kila mara, kana kwamba hakutarajia.

Alikuwa Msabato wa kweli. Jua likizama Ijumaa, mikono yake ilitoka majini. Nakumbuka Jumamosi moja mito ya bibi harusi ilikuwa kwenye kichanja, imebaki kidogo tu, na mvua ikaja kwa ghafla. Alikuwa ameketi barazani na Biblia yake. Mama wa bibi harusi alikuja mbio, akamkuta anaitazama mito ikinyeshewa. Mama yule alisema maneno mengi. Mwalimu alimkaribisha kiti. Jumapili, kengele za Wakatoliki zikilia, alianza kuiosha yote upya, na harusi ikaikuta mito mikavu. Niliuona ugumu ule na sikuuelewa, na bado sijui kama ninauelewa.

Tena alikuwa mpenda umbea. Alijua nani kahama, nani kanunua pikipiki, nani kasali kwa kulia kanisani, na aliyasimulia yote vizuri kuliko redio yake. Lakini habari za mito hazikutoka kinywani mwake. Na mito ilimwambia mengi. Alijua nani analia usiku, kwa sababu chumvi huacha duara. Alijua nani anakohoa na hajaenda hospitali. Alijua nyumba ambazo mto mmoja umechakaa na wa pili bado mpya. Hayo alinieleza kwa jumla tu, bila jina la mtu.

Moja ninalijua kwa sababu mimi ndiye niliyebeba mto. Ulikuwa wa mke kijana aliyeishi karibu na soko, mzaliwa wa Uriri, na tulimjua sote kwa upole wake. Ulikuja na doa la rangi ya kahawia upande mmoja. Mwalimu alilitazama, akaenda kuleta maji baridi na chumvi, maana maji ya moto yangeifanya damu ing'ang'anie. Aliuosha, akaukausha kama mwingine wowote. Ulipokuwa tayari aliniomba nimsindikize, na alichagua saa ya mchana, mume anaporudi kula.

Tulimkuta mezani. Alikuwa mfanyabiashara wa mabati, mtu wa adabu mbele za watu, akasimama kumwamkia Mwalimu. Mwalimu aliuchukua mto mikononi mwangu, akauweka mezani kando ya sahani yake ya ugali.

"Damu imetoka," alimwambia. "Mara hii nimeosha. Ukija mwingine hivi, nitaupeleka kwa chifu kabla sijauosha, na nitautandaza mezani kwake kama nilivyoutandaza hapa."

Mwanamume yule hakujibu. Mke alikuwa mlangoni pa jikoni, mkono mdomoni. Mwalimu aliomba maji ya kunywa, akanywa taratibu, akashukuru, tukaondoka. Sitasema kwamba mume aligeuka malaika. Mke alirudi kwao Uriri kwa muda, wazee wakaketi, akarejea. Lakini kuanzia hapo Mwalimu alikwenda pale kila mwezi kukagua mito. Aligonga, akasema amekuja kukagua mito, na mume akalazimika kumfungulia hadi chumba cha kulala, naye akaishika mito yote na kumtazama mke usoni kwenye mwanga wa dirisha. Alifanya hivyo miaka mingi. Yule mke sasa ana duka lake. Doa jingine halikuja.

Na Mwalimu mwenyewe hakulalia mto. Niligundua alipougua malaria nikaingia kumpa uji: kitanda chake kilikuwa shuka iliyonyooka kama ubao, basi. Nilipomuuliza alisema shingo yake haikuzoea. Nilitaka kucheka, nikaona hataki.

Sasa niseme habari ya mama yangu.

Nilimleta Suna kutoka kwetu upande wa Kehancha moyo wake ulipoanza kuchoka. Hakuweza kulala chali. Ilibidi aegemezwe, la sivyo pumzi ilikatika. Mwalimu alimtengenezea mto mkubwa, mnene, akaja mwenyewe kumwonyesha jinsi ya kuuegemea. Mama alijua Kiswahili kidogo sana na Mwalimu hakujua Kikuria, lakini walikaa pamoja mchana kutwa. Mama alinusa ugoro. Mwalimu, ambaye aliwakemea vijana wavuta sigara hata wasio wa kanisa lake, aliukung'uta ugoro ule kutoka kwenye foronya ya mama bila kusema kitu.

Jumamosi moja nilikuwa sokoni na mto wa mama uko nje unaanikwa. Wingu lilifunga. Nilikimbia njia nzima nikijua mama hatakuwa na pa kuegemea jioni hiyo. Nilimkuta Mwalimu kwangu, ametoka kanisani, nguo yake nyeupe imelowa hadi magotini, na mto mkavu umelala kitini. Nilisimama nikimtazama. Alisema mgonjwa si nguo, akaomba kanga ya kujifunga.

Mama alifariki asubuhi, akiwa ameegemea mto ule, nikimchana nywele. Tulimzika nyumbani. Shangazi zangu walitaka vitu vyake vya kitandani vichomwe, nami nikaviacha vyote viende isipokuwa mto. Niliufunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka kabatini. Ulikuwa na harufu yake, ile ya ugoro na mafuta ya kujipaka. Nikirudi kazini niliufungua mfuko, nikavuta pumzi, nikaufunga.

Mwalimu alijua. Hakuna mto aliotengeneza ambao hakujua uliko. Kila alipopita alinisalimu, akauliza kazi, akaenda zake. Msimu wa mvua ulipita, ukaja mwingine. Siku moja alinikuta nimeketi na mfuko mapajani, akakaa kando yangu na kuniomba anuse. Nilimpa. Alizamisha uso kama alivyofanya siku zote, akauacha humo muda mrefu.

"Nyathina," alisema, "hii si harufu ya mama yako tena. Huu ni ukungu."

Nilimwambia akiuosha sitabaki na chochote. Alisema hatauosha yeye. Nitauosha mimi, naye atakaa karibu. Kisha akaenda kwake na hakurudia neno hilo. Ilinichukua muda kukubali. Nilipokwenda kumwita, maji yalikuwa tayari yanapashwa moto, na sijui alijuaje.

Niliuzamisha. Nilipobonyeza, maji yaligeuka rangi ya chai nyepesi, na kwa mara ya mwisho harufu ya ugoro ikapanda na mvuke, kali kabisa, kama vile mama amefungua kikopo chake palepale. Nilishikwa na kilio ambacho sikukilia hata kaburini kwake. Vidole vyangu vilijikunja, nikaukumbatia mto ndani ya maji na kuubana kwa nguvu zangu zote.

Mwalimu aliweka mikono yake juu ya yangu.

"Lia," alisema. "Lia, lakini usikamue."

Nililia bila kukamua. Ni jambo gumu, lijaribu. Tulisuuza hadi maji yakawa meupe, tukauinua wote wawili, tukauweka kwenye wavu. Siku zilizofuata nilitoka sokoni mapema kuja kuugeuza. Niliyavunja madonge mwenyewe, na nilijikuta nikimsimulia habari za mama ambazo sikuwahi kumwambia mtu: alivyocheza ngoma, alivyomfukuza nyani shambani kwa kiatu. Mto ulipopanda, Mwalimu aliniachia mimi nifumbe macho na kusikiliza ubaridi. Haukuwepo. Ninaulalia mto huo hadi leo.

Miaka michache baadaye miguu yake ilimshinda. Mpwa wake, Akoth, mwalimu vilevile, alikuja kumchukua aende kukaa naye Mbita, kando ya ziwa. Kisha ziwa likapanda. Tulisikia kwamba maji yameingia majumbani, kwamba watu wamehamia kwenye uwanja wa kanisa. Nilisafisha chumba changu cha nyuma, nikatandika kitanda, nikasafiri kwenda kumleta Mwalimu Suna.

Nyumba ya Akoth ilikuwa juu kidogo, haikuguswa, lakini Mwalimu hakuwepo. Akoth alinieleza kwa uchovu kwamba kila asubuhi anadai apelekwe kanisani kwa boda, kwamba amejaribu kumkataza, ameshindwa. Tulikwenda pamoja.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Uwanja mzima ulikuwa umetandazwa nyavu, zimewambwa kati ya miti na madawati, nyavu mpya na kuukuu, na juu yake mito. Wasichana aliowafundisha walikuwa sasa mama na nyanya, na kila mmoja alikuwa ameokoa mto wake wa bata kutoka kwenye matope. Wasio na mito ya manyoya walileta ya sponji, naye hakubagua. Akina mama walikuwa kwenye mabeseni. Na wavuvi, wanaume wa mabega mapana ambao hawakuwa na mashua wala mahali pa kwenda, walikuwa wameketi chini kwa mistari, mito mapajani, wakitafuta madonge kwa ncha za vidole vyao vikubwa. Hakuna aliyekuwa anacheka.

Mwalimu alikuwa katikati, kwenye kiti cha magurudumu, amepungua sana, kofia ya jua kichwani. Mkono wake mmoja ulikuwa umelegea mapajani. Aliponiona hakunisalimu kwanza.

"Una sindano?"

Ninayo siku zote. Nilikaa chini miguuni pake, nikapewa mito iliyopasuka, nikashona hadi mchana. Katikati ya kazi nilimweleza kilichonileta, kwamba chumba kiko tayari. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema ni chumba kizuri, anakijua, kina upepo. Atakuja watu hawa wakishalala. Nilimwambia watu hawa wanahitaji nyumba, Mwalimu, mito haitawarudishia nyumba. Alikubali kwamba haitawarudishia. Kisha akanionyesha mshono niliouruka.

Alasiri mvuvi mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alileta mto wake kukaguliwa. Akoth alininong'oneza kwamba maji yalimkuta mtu huyo usiku, akawatoa watoto wake wote mgongoni, na tangu siku hiyo halali. Hukaa tu mlangoni pa kanisa akitazama upande wa ziwa. Mwalimu aliushika mto kwa mkono wake mzima, akaukandamiza shavuni, akafumba macho. Kisha akamwambia umekauka, aujaribu.

Mvuvi alitazama huku na huku kwa haya. Aliuweka mto kwenye nyasi, akajilaza kwa ubavu kama anayetii amri ya shuleni, akaweka kichwa. Nilimwona akivuta pumzi. Niliuona mkono wake, uliokuwa umekunja ngumi, ukifunguka. Kabla Mwalimu hajamuuliza anaonaje, alikuwa amelala.

Msichana mmoja aliyekuwa anachota maji aliangusha ndoo. Mwalimu aligeuka, akaweka kidole mdomoni. Na uwanja mzima, akina mama kwenye mabeseni, wanaume kwenye nyasi, watoto waliokuwa wanafukuzana karibu na ukuta, wote wakanyamaza. Kazi haikusimama. Maji yaliendelea kumiminwa, lakini kwa kuyategemeza ubavuni mwa beseni yasipige kelele, na waliopita karibu na mvuvi walivua viatu. Mwalimu alimtazama akilala, na mimi nikamtazama Mwalimu, uzi ukiwa umenikwama mkononi, hadi jua lilipoanza kushuka na akaniashiria kwa kichwa kwamba niendelee kushona.